Simba wa Sinema Hangurumi kwa Koo Lake

Jumamosi moja jioni, hapa Kadutu, mjini Bukavu, umeme ulirudi baada ya siku mbili za giza na nyumba nzima ikakimbilia televisheni. Kwenye flash kulikuwa na filamu ya zamani ya King Kong, ile ya 1933, isiyo na rangi. Gorila alikuwa amefika juu kabisa ya jengo refu la New York na ndege zilikuwa zikimzunguka kama nyuki. Mpwa wangu wa miaka tisa, aliyekaa chini na sahani ya ugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu, mapajani, akaacha kutafuna.

"Tonton, huyu iko wa kweli ama ni mutu amevaa?"

Nikamjibu upesi, kama sisi watu wazima tunavyopenda kujibu: ni wa uongo. Akaongeza: "Na Lassie? Na Simba? Na ule imbwa ya Tintin?" Hapo nikakwama. Milou ni mchoro, hilo halina shida. Lassie alikuwa mbwa mwenye damu na mkia, ila hakuwa Lassie, na wala hakuwa jike. Simba wa The Lion King ni mchoro, lakini wachoraji wake waliletewa simba hai studioni ili wamtazame vizuri kabla ya kushika penseli. Na yule Kong hakuwa gorila, hakuwa mtu aliyevaa, na hakuwa mchoro.

Swali la mtoto lilikuwa fupi. Jibu ni refu kwa sababu mnyama wa filamu hatoki mahali pamoja. Mwili unaweza kutoka huku, sauti kule, tabia kwa mfunzaji aliyejificha nyuma ya kamera, jina kwa mwandishi aliyefungua kamusi ya lugha asiyoijua. Ili kujua kama ni wa kweli, inabidi umfungue kipande kwa kipande, kama fundi wa redio pale sokoni anavyofungua simu na kutandaza skrubu zote kwenye kitambaa.

Tuanze na Kong, maana ndiye aliyeleta fujo. Huyo aliyeonekana mkubwa kama nyumba ya ghorofa alikuwa mwanasesere wa sentimita 45 hivi: mifupa ya chuma yenye viungo, mwili wa mpira, na juu yake manyoya ya sungura. Willis O'Brien na wenzake walimsogeza mkono kidogo, wakapiga picha moja. Wakamsogeza tena kidogo, wakapiga nyingine. Sekunde moja ya filamu inakula picha 24. Dakika moja inakula 1,440. Kwa picha za karibu walijenga kichwa kizima na mkono mmoja mkubwa wa kumshika mwigizaji Fay Wray, lakini mwili uliobaki ulikuwa ule mdogo, juu ya meza.

Nilirudisha filamu nyuma nikamwonyesha mpwa wangu kifua cha Kong. Manyoya yake hayatulii. Yanachezacheza, kana kwamba upepo unapita ndani yake. Hakuna upepo. Ni alama za vidole: kila waliposhika mwanasesere kumsogeza, manyoya yalilala upande mwingine, na kamera ikanasa. Kosa hilo lilibaki kwenye filamu hadi leo, na mimi nalipenda kuliko filamu yenyewe. Unaona mikono ya watu waliokufa zamani ikipita juu ya gorila asiyekuwepo.

Hata hivyo "mutu amevaa" halikuwa swali la kijinga. Mwaka 1995 ilitoka filamu iitwayo Congo, ambayo hadithi yake inafika hadi kwenye volkano zetu za Virunga, na gorila wake anayeitwa Amy alikuwa binadamu ndani ya vazi. Filamu ya 1988 kuhusu Dian Fossey, mtafiti wa gorila, ilifanya jambo gumu zaidi. Ilichanganya gorila halisi wa Rwanda na watu waliovaa mavazi yaliyotengenezwa na Rick Baker, ikawapanga katika hadithi moja bila mshono kuonekana. (Wengi hapa hawajui kwamba Fossey alianzia upande wetu, Kabara, Januari 1967. Vita vilimfukuza Julai mwaka huohuo, ndipo akavuka kwenda kuanzisha kambi ya Karisoke.)

Lassie ni mkanganyiko wa aina nyingine. Katika hadithi ni jike. Katika filamu ya kwanza, ya 1943, aliigizwa na dume aliyeitwa Pal, mbwa wa mfunzaji Rudd Weatherwax. Sababu zilikuwa za kazi tu: dume wa aina ile ni mkubwa zaidi, na manyoya yake hayapukutiki kwa msimu kama ya jike, kwa hiyo haonekani kanyonyoka katikati ya filamu. Mfululizo wa televisheni ulianza 1954 ukaisha 1973, karibu miaka ishirini. Hakuna mbwa mmoja anayeweza kufanya kazi miaka yote hiyo. Lassie wa televisheni walikuwa wazao wa Pal, dume baada ya dume, wakipokezana jina kama machifu.

Mbwa aliyewatangulia wote, Rin Tin Tin, alikuwa halisi kwa jina na kwa mwili. Mwanajeshi Mmarekani, Lee Duncan, alimwokota akiwa mtoto huko Ufaransa mwaka 1918, vita vikikaribia kwisha, akampeleka Marekani na kumfanya nyota wa filamu zisizo na sauti. Sisi tuliolelewa na vitabu vya Lucky Luke tulimjua kwa mlango wa nyuma: Rantanplan, yule mbwa mpumbavu wa gereza, ni dhihaka ya jina lake. Nilicheka dhihaka hiyo kwa miaka mingi bila kujua kwamba kulikuwa na mbwa wa kweli aliyekuwa akidhihakiwa.

Kuna viungo vya bandia pia. Kwenye mfululizo wa Australia wa Skippy, kangaruu alionekana akishika vitu na kufungua milango kwa vidole vyake. Vile vidole vilikuwa mikono ya kangaruu aliyekwisha kufa, ikichezeshwa na mtu chini ya kamera. Na katika Tarzan ya 1932, tembo wanaokimbia katika "Afrika" ni tembo wa Asia, kwa sababu hao ndio waliokuwa wamefugwa na kufundishwa Marekani. Tembo wa Asia ana masikio madogo. Wakafungiwa masikio makubwa ya bandia, mambo yakaenda.

Sasa sauti, na hapa ndipo udanganyifu ni mtamu. Kampuni ya MGM ina simba wake anayefungua kila filamu. Wa kwanza, Slats, wa 1924, hakusikika, maana filamu zenyewe zilikuwa bubu. Mwenzake Jackie ndiye aliyesikika mwaka 1928, mngurumo wake ukitoka kwenye sahani ya gramafoni. Miaka ya 1980 fundi sauti Mark Mangini aliagizwa kutengeneza mngurumo mpya. Akaona kwamba simba kweli hatoi ule ukali ambao watu wanautegemea, akaweka sauti za chui-milia wa Asia. Mngurumo halisi wa simba unasikika hadi kilomita nane, lakini ni kama mtu anayekohoa kutoka tumboni, mara nyingi mfululizo, na mdomo haukupanuka sana. Hautishi kwenye kiti cha sinema. Kwa hiyo simba anapanua mdomo, na anayenguruma ni mwingine.

Kong aliunguruma kwa simba na chui-milia waliochanganywa, wakapigwa kinyumenyume na polepole. Kwenye katuni ya Simba, mingurumo mingi ilitoka kwa binadamu, mwigizaji Frank Welker, akiunguruma ndani ya ndoo ya chuma ya takataka. Na zile filamu zote za msituni ambamo ndege anacheka "kuu-kuu-kaa-kaa" juu ya miti? Ndege huyo ni kukabura, mkazi wa Australia. Msitu wetu una ndege wengi wa kuogofya na wa kuchekesha, lakini wazungu wa Hollywood walimpenda huyo, na sasa mtu wa Ulaya akija hifadhi ya Kahuzi anamsubiri.

Mlio wa Tom anapobanwa mkia, ule ukelele unaopanda na kukatika ghafla, ni wa William Hanna, mmoja wa wawili walioanzisha Tom na Jerry mwaka 1940. Katuni hizo zilipata Oscar saba, na siri yake kwa watu wa Bukavu ni rahisi: hakuna maneno. Bibi asiyejua Kifaransa, mtoto ambaye hajaanza shule, dereva wa pikipiki aliyesimama dirishani kungoja mvua ipite, wote wanaelewa kwa wakati mmoja. Muziki ndio unaosema.

Wanyama wengine wote walitufikia wakisema Kifaransa. Mufasa wetu ni Jean Reno. Hili lilileta kichekesho ambacho sijakiona kikiandikwa: Wamarekani walichukua maneno ya Kiswahili, wakawapa wanyama wao, Wafaransa wakayasoma kwa pua, kisha yakarudi kwetu kupitia kaseti. Simba, simba. Rafiki, rafiki. Pumbaa, ambaye jina lake ni kitenzi. Shenzi, ambalo huku kwetu ukimwita mtu mtagombana. Sarabi, mama yake Simba, ni mazigazi, yale maji ya uongo unayoyaona barabarani wakati wa jua kali. "Hakuna matata" hakuna mtu wa Kadutu aliyewahi kulisema kabla ya filamu hiyo. Sisi tunasema hakuna shida, au "akuna mambo". Na marehemu babu yangu, tulipomwita aje kuona Simba, aliuliza kwa sauti ya chini ni Simba gani. Kwa rika lake, neno hilo lilikuwa waasi wa 1964 kabla ya kuwa mnyama.

Zamani kidogo, mfululizo wa Daktari (1966 hadi 1969) ulikuwa na jina la Kiswahili, simba mwenye makengeza aitwaye Clarence, na Afrika iliyojengwa California. Hatari! ya 1962 angalau ilipigwa kweli Tanganyika.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: basi, ni sanaa, kuna ubaya gani? Hata mimi nasema hivyo. Wanyama wanaosema si uvumbuzi wa Hollywood. Bibi zetu waliwafanya Sungura na Fisi wabishane usiku kucha na hakuna mtoto aliyeamka asubuhi akaenda kumsalimia sungura. Miaka ya 1950, hapahapa Kongo, padri Mbelgiji Alexandre Van den Heuvel alitengeneza katuni fupi za Mboloko, swala mdogo wa ngano ambaye kwa akili yake anawashinda wakubwa. Mboloko alisema kama mtu na kila mtu alielewa mchezo, kwa sababu msimuliaji hafichi uso wake. Katuni nayo haifichi. Tom akibanjuliwa kama chapati na kuinuka, hata mtoto wa miaka minne anajua paka hawi hivyo.

Shida iko kwa mnyama halisi anayefanyishwa jambo, kisha tukaliita tabia yake. Hapo katuni ni nyoofu kuliko picha ya kweli.

Mfano mbaya kuliko yote ni wa 1958. Filamu ya Disney iliyoitwa ya hali halisi, White Wilderness, ilionyesha lemingi, panya wadogo wa nchi za baridi, wakijitupa majini kwa mamia ili wafe. Ilipata Oscar. Ukweli ulikuja kuanikwa na televisheni ya Kanada mwaka 1982: sehemu hiyo ilipigwa Alberta, mahali ambapo lemingi hao hawaishi. Walinunuliwa kwingine, wakakimbizwa juu ya meza inayozunguka ili waonekane wengi, kisha wakasukumwa mtoni. Lemingi hawajiui. Wakizidi wanahama, na wengine hufa njiani. Lakini hadi leo mtu akitaka kuwaita wengine wajinga wanaofuatana, anawataja wao, na wengi wanaotumia mfano huo hawajui kwamba uliandaliwa na watu wenye kamera.

Mfano wa pili unanigusa zaidi kwa sababu niliuona kwa macho. Cheeta, sokwe wa Tarzan, hakuwa mmoja. Walikuwa wengi wakibadilishana, wa kwanza katika filamu ya 1932 akiitwa Jiggs. Walikuwa wadogo, kwa kuwa sokwe mzima ana nguvu za kumvunja mtu mkono na hakuna mwigizaji anayetaka kufanya naye kazi. Anaigiza miaka michache ya utoto, kisha anabaki na miaka arobaini au zaidi ya kuishi mahali fulani. Na kitu kilichompendeza mtazamaji kilikuwa tabasamu lake: midomo nyuma, meno ya juu na ya chini yote nje.

Niliwahi kwenda Lwiro, kile kituo cha sokwe yatima kilichofunguliwa 2002 penye majengo ya zamani ya watafiti wa Kibelgiji, njia ya kaskazini kutoka Bukavu. Mawingu yalikuwa mazito. Sokwe mdogo alikaa kwenye kona ya uzio akichambua jani, taratibu kabisa, kama mama anayechambua sombe. Radi ikapiga upande wa ziwa. Akaruka, akamkumbatia mwenzake, akageuka kwetu na meno yote nje, ufizi mwekundu ukionekana hadi juu. Mgeni mmoja karibu yangu akainua simu: "Ona, anacheka!" Mlezi, mwanamke mwenye buti za mpira, hakuinua hata kichwa kutoka kwenye beseni lake. "Hacheki huyo, papa. Anaogopa."

Sokwe anapocheza na kufurahi, analegeza mdomo na meno ya juu yanabaki yamefunikwa. Meno yote nje ni hofu, au kuomba asiumizwe. Kwa hiyo karibu kila sokwe uliyewahi kumwona akitabasamu kwenye filamu, tangazo la biashara au kadi ya siku ya kuzaliwa, alikuwa amefundishwa kuonyesha uso wa hofu, au alikuwa na hofu yenyewe. Na jambo hili lina mkia mrefu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliandika katika jarida la Science kwamba watu waliowahoji walidhani sokwe hawako hatarini kama gorila na orangutani. Sababu waliyoitaja zaidi? Tunawaona kila siku kwenye televisheni na sinema. Mnyama aliyevishwa suruali na kofia anaonekana kuwa wa kawaida. Na mnyama wa kawaida, mtu anamtaka nyumbani. Yatima wa Lwiro wanatoka kwenye mnyororo huo pamoja na ule wa nyama ya porini: ili kumpata mtoto mmoja, wanamuua mama, na mara nyingi si mama peke yake.

Farasi walilipa kwa namna nyingine. Kwenye filamu ya vita ya Errol Flynn ya 1936, The Charge of the Light Brigade, walitegewa waya za kuwaangusha wakiwa mbioni, na farasi 25 walikufa au waliuawa baada ya kuvunjika. Mwaka 1939, kwa ajili ya Jesse James, farasi alisukumwa kutoka kwenye mwamba mrefu hadi majini na akafa. Kelele za watu ndizo zilizofanya shirika la American Humane lianze kusimamia upigaji filamu Hollywood, 1940. Yale maandishi ya mwishoni, kwamba hakuna mnyama aliyeumizwa, yametoka huko. Ila yasome kama unavyosoma risiti: yanahusu saa za kamera. Namna mnyama alivyofundishwa, alikolala, alikopelekwa filamu ilipokwisha, hayo kwa kawaida hayamo.

Kuna walioona hilo wakiwa ndani. Virginia McKenna na mumewe Bill Travers waliigiza Kenya filamu ya Elsa, simba jike, mwaka 1966. Baadaye wakafanya kazi na mtoto wa tembo aitwaye Pole Pole, ambaye alipelekwa London kuwa zawadi kwa bustani ya wanyama. Alikufa huko 1983, bado kijana. McKenna na Travers wakaanzisha kampeni dhidi ya bustani za namna hiyo, nayo haijafungwa hadi leo. Jina la tembo huyo siwezi kulitafsiria wasomaji wa Kiswahili, mnalisikia wenyewe.

Mengine ni madogo na hayana ubaya. Mbwa anayemtazama bwana wake kwa upendo kwa kawaida anatazama kipande cha nyama mkononi mwa mfunzaji aliyesimama nyuma ya bwana huyo. Mister Ed, farasi aliyesema kwenye televisheni ya Marekani miaka ya 1960, alivutwa mdomo kwa uzi wa nailoni. Hadithi kwamba alipakwa siagi ya karanga mdomoni ilitungwa na mwigizaji mwenzake, Alan Young, na yeye mwenyewe alikiri. Rafiki wa The Lion King ana uso wa mandrili, nyani wa Gabon, Kamerun na jirani zake, akaishi kwenye mbuga ambako mandrili hayupo. Fisi wanaonewa: fisi madoa huwinda sehemu kubwa ya chakula chake mwenyewe. Lakini Shenzi kuwa jike na kuwaongoza wenzake, hapo filamu ilipatia, maana kwa fisi hao majike ndio wakubwa. Kuhusu Simba na Nala, katika kundi halisi la simba huenda wangekuwa ndugu kwa baba. Tuache hapo.

Nikarudi kwa mpwa wangu, ambaye kwa wakati huu alikuwa amemaliza sambaza zangu pia. Nikamwambia Kong si gorila hata kwa jambo moja dogo ambalo angeweza kulihakiki. Si mbali na Bukavu, Tshivanga, kwenye mlango wa hifadhi ya Kahuzi-Biega iliyoundwa 1970, wanaishi gorila wa Grauer, ambao ndio wakubwa kuliko gorila wote duniani; dume aweza kupita kilo 200. Hesabu ya watafiti ya 2016 ilisema wamebaki kama 3,800. Nyingine ya 2021 ikasema 6,800. Wanakula majani, mashina, matunda. Hakuna anayewafundisha kitu, na mtalii anakaa nao saa moja tu, amevaa barakoa ili asiwaambukize mafua.

"Na kifua? Hawapigi?"

Wanapiga. Ila Kong anapiga kwa ngumi. Gorila anapiga kwa viganja vilivyokunjwa kidogo kama vikombe, na sauti yake inakwenda mbali msituni, hadi kilomita moja, ikiwaeleza wengine ukubwa wa anayepiga.

Akaweka sahani chini. Akajipiga ngumi kifuani: buu, buu, sauti iliyofia ndani ya sweta. Kisha akavikunja viganja, akajaribu tena, haraka, na safari hii ikatoka pok-pok-pok-pok, kavu na ya wazi, hata mama yake akachungulia kutoka jikoni kuuliza nani anabisha hodi. Umeme ukakatika. Gizani nikamsikia akiendelea, mara kwa ngumi, mara kwa viganja, akilinganisha.